Kocha mpya na mchezo usiozoeleka

Ndugu yangu wa Mwanjelwa, umeuliza kwa nini timu yako, iliyozoea kupiga mipira mirefu, sasa inapasiana karibu na lango lake na kufungwa mabao ya kizembe tangu kocha mpya aanze kazi. Hata kocha Pep Guardiola alipoingia Manchester City ya Uingereza mwaka 2016 alimweka kando kipa Joe Hart, akamleta Claudio Bravo kwa uhodari wake wa miguu. Bravo naye alikosea mara kadhaa, lakini msimu uliofuata, Ederson akiwa golini, timu ilitwaa ubingwa wa ligi kwa pointi 100. Kwa hiyo usihesabu mabao pekee. Utakapokwenda Uwanja wa Sokoine, acha kuufuata mpira kwa dakika 10 umtazame kiungo mkabaji: je, anageuza shingo kuangalia nyuma yake kabla ya kupokea pasi, na mabeki wa pembeni wanajua lini wapande na lini wabaki? Hayo yakionekana, mafunzo yameanza kuingia. Kinachonitia shaka mimi ni mvua zetu hizi za Mbeya, kwa maana uwanja ukilowa pasi fupi hukwama njiani, na kocha asiye na njia ya pili siku hiyo ndiye wa kulaumiwa, si wachezaji.