Kuishi Tirana ukifanya kazi mtandaoni: anza na mkataba wa nyumba

Mkuu, umeuliza kama mtu mwenye pasipoti ya Afrika Mashariki, anayelipwa kwa dola na mteja wa Marekani, anaweza kukaa Tirana, mji mkuu wa Albania, mwaka mzima bila kuumia, na aanzie wapi. Anaweza. Ila wengi huanza kwa kupiga hesabu ya chakula na tiketi ya ndege, nyumba wanaitafuta mwishoni. Pale nyumba ndiyo inayobeba kibali chako, intaneti, maji na namna utakavyopita baridi, kwa hiyo nitakaa zaidi hapo.

Visa kwanza. Pasipoti ya Kenya au Tanzania inahitaji visa ya Albania, na maombi hufanywa mtandaoni. Ukiwa na visa hai ya Schengen (nchi za Ulaya zenye visa moja), Uingereza au Marekani, ya kuingia mara nyingi na uliyokwisha kuitumia, unaingia kwa hiyo na kukaa siku 90 ndani ya kila siku 180. Kuvuka mpaka na kurudi hakuanzishi hesabu upya. Anayetaka mwaka aombe visa ya aina D, kisha kibali cha Leje Unike, yaani kibali kimoja cha kuishi na kufanya kazi, ambacho sheria ya wageni namba 79 ya 2021 inawapa pia wanaofanya kazi kwa mbali kwa mwajiri aliye nje ya Albania. Andaa mkataba wa kazi, taarifa za benki, bima ya afya na cheti cha polisi cha mwenendo mwema. Cheti hicho kishughulikie ukiwa bado nyumbani, pamoja na mihuri ya wizara ya mambo ya nje, kwa sababu kukifuatilia kutoka mbali kunakula wiki nyingi. Kutafsiri kwa Kialbania kunawezekana ukishafika.

Karatasi inayokwamisha watu ni mkataba wa nyumba, ambao lazima upite kwa noteri, ofisa wa sheria anayethibitisha mikataba. Mwenye nyumba akishaupitisha huko, mapato yake yanaonekana na anadaiwa kodi ya asilimia 15 ya pango. Ndiyo maana wengi hukubali kila kitu kwa maneno, ikifika siku ya kusaini wanageuka. Swali la noteri liwe la kwanza kwenye simu, kabla hata ya kwenda kuangalia. Akisema atakubali ukiongeza hiyo asilimia 15 juu ya bei, piga hesabu. Mara nyingi bado inalipa kuliko kukosa kibali. Dalali huchukua kama nusu ya pango la mwezi, na amana ni mwezi mmoja.

Matangazo huandika 1+1, yaani chumba kimoja cha kulala na sebule yenye jiko. Nilivyoona mimi, 1+1 yenye samani karibu na katikati ya jiji inaanzia kama euro 500, na mtaa wa starehe wa Blloku ni juu zaidi. Blloku nakushauri uikwepe hata kama pesa unayo. New York ikiwa saa tatu asubuhi, Tirana ni saa tisa alasiri, kwa hiyo zamu yako itakwisha saa tano usiku, wakati baa za chini ya dirisha lako ndiyo kwanza zinachangamka. Tafuta mitaa ya Komuna e Parisit au Ali Demi.

Ukienda kuiona nyumba, nenda mchana. Mitaa mingi hupata maji kwa saa maalumu, asubuhi na jioni, na muda mwingine watu hutegemea tangi na pampu ya jengo. Fungua bomba la bafuni na la jikoni kwa pamoja, uache dakika tano. Maji yakinywea, tangi ni dogo au pampu imechoka. Umeme ukikatika pampu nayo husimama, kwa hiyo weka ndoo moja ya akiba. Ya kunywa nunua.

Kisha sogeza kabati ushike ukuta nyuma yake. Majengo mengi hayana kinga ya baridi ukutani, na majira ya baridi ya Tirana ni ya mvua, basi kuvu huota kwenye kuta za upande wa kaskazini. Kona moja iliyopakwa rangi mpya huku nyingine zimezeeka ni dalili tosha; ondoka. Joto hutoka kwenye kiyoyozi. Kiyoyozi kinachokula kilowati moja kwa saa nane kinamaliza uniti nane kwa siku. Nyaya za zamani hazistahimili kiyoyozi, hita ya maji na oveni kwa wakati mmoja, swichi kuu itajizima. Dai risiti za mwisho za OSHEE za umeme na UKT za maji, usije ukarithi deni.

Intaneti ya faiba imeenea, ila pima kasi ya kupakia, siyo ya kupakua tu, ukiwa umechomeka kebo. Nunua UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya akiba umeme ukikatika. Soma volti na ampea kwenye adapta yake kwanza, nyingi ni volti 12. Plagi zetu za pini tatu bapa haziingii kule.

Bei za mdomoni zinachanganya wageni. Sarafu ya Albania, lek, ilipunguzwa sifuri moja miaka ya 1960, lakini watu bado hutaja bei ya zamani. Dereva wa teksi akisema elfu tano, ni lek 500. Vibandiko vya dukani ni vya hesabu mpya. Ukiwa na shaka, mpe simu aandike. Basi la mjini ni lek 40, unamlipa konda mkononi. Unga wa mahindi upo kwenye soko la Pazari i Ri. Ni wa njano, ugali wake unakubali ukiusonga muda mrefu kidogo.

Leje Unike haikupeleki Schengen. Meli za kwenda Bari, Italia, ziko bandari ya Durrës, karibu kabisa, lakini bila visa ya Schengen hupandi. Na ukipitisha siku 183 ndani ya mwaka unahesabiwa mkaazi anayewajibika kulipa kodi huko, basi muone mhasibu wa huko kabla hujafika siku hiyo.