Koh-i-Noor: anzia Lahore, 1849

Ndugu, kwenye mdahalo wako wa kutaka Uingereza iirudishe India almasi ya Koh-i-Noor, usianze na neno "wizi"; watakutolea mkataba. Wewe uliza aliyetia saini ni nani. Mkataba wa Lahore wa 1849, ulioikabidhi almasi kwa Malkia wa Uingereza, ulisainiwa na Duleep Singh, mfalme mtoto wa Masingasinga wa Punjab, wa miaka 10, mama yake ameshatenganishwa naye. Saini gani hiyo!

Kigumu ni hiki: irudi kwa nani? Nader Shah wa Uajemi aliibeba kutoka Delhi 1739, ikapitia Afghanistan, na Ranjit Singh, baba yake Duleep, aliipata 1813 kwa kumbana Shah Shuja, mfalme wa Afghanistan aliyepinduliwa. Pakistan nayo, ambako Lahore iko leo, iliidai 1976.

Watakurushia pia kwamba 2016 wakili wa serikali ya India aliiambia mahakama haikuibwa. Wajibu kuwa serikali yenyewe iligeuza kauli ndani ya siku chache.