Maswali Yenu: Kule chini sio pori tupu, mwalimu

SWALI: Shikamooni wahariri. Mi nafundisha Jiografia kwenye sekondari moja huku Urambo, Tabora. Shule ina eneo kubwa, juu kuna majengo na miombo (ule msitu wa miti kama mtundu na muba), ukishuka chini kule maji yanakotuama wakati wa mvua ni nyasi na vimiti vya miiba. Klabu yetu ya mazingira ikataka kuchora ramani ya uoto wa asili wa shule, vijana wakaingia porini wakarudi na orodha ndefu ya majina ya miti, mengine ya Kinyamwezi mengine ya Kiha, ramani yenyewe hamna. Alafu mkuu anasema kule chini ni pori tupu, bora tupande mikaratusi. Tuanzie wapi?

JIBU: Marahaba mwalimu. Hiyo orodha itunzeni, itakuja kufaa, ila kwa sasa iwekeni pembeni maana orodha ya miti haikuambii nani anaishi na nani na wapi. Nyie anzeni na mteremko. Mwaka 1935 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, aliandika kuhusu kitu alichokiita katena, yaani ukishuka kutoka kilimani hadi bondeni udongo unabadilika kwa mpangilio uleule, na ukienda kilima kinachofuata unaukuta tena. Hilo wazo limetoka hapahapa kwetu na dunia nzima wanalitumia, sasa nyie mna katena kamili ndani ya uzio wa shule, aisee mna bahati.

Kwa hiyo chukueni kamba, shukeni nayo moja kwa moja kutoka juu mpaka mbugani, yaani kule chini maji yanakotuama, na kila mnapoona mambo yamebadilika (udongo umetoka wekundu ukawa kijivu, mitundu imeisha, nyasi zimekuwa ndefu) wekeni alama kwenye simu. Jipiesi ya simu inakosea mita kadhaa na chini ya miti inakosea zaidi, sio shida, maana uoto wenyewe hauna ukuta, unaisha taratibu. Mkibishana mpaka uko wapi chagueni sehemu moja, chora mstari wa vitone, endeleeni.

Alafu katikati ya kila kipande, sio pembeni, pimeni mraba wa mita 20 kwa 20. Humo andikeni miti miwili mitatu iliyotawala, urefu wake, rangi ya udongo, dalili za moto na visiki. Visiki msiviruke hata kidogo, huko ni nchi ya tumbaku na miombo mingi imeenda kukausha majani ya tumbaku, ila mtundu na muba ukiukata unachipua tena kwenye kisiki, sasa mtu akiona vichaka vya kimo cha mtoto anasema hapa hamna msitu wakati ni miombo ileile inarudi.

Kujua miti imeziba anga kiasi gani msikadirie kwa macho, kila mtu atakuja na namba yake. Mwanafunzi atembee hatua 100, kila hatua atazame juu wima, kama kuna matawi ahesabu moja, kama ni anga aache. Akipata 46 ni asilimia 46, basi. Mfumo wa Frank White, yule aliyeandaa ramani ya uoto wa Afrika ya UNESCO ya 1983, unasema miti ikifunika asilimia 40 au zaidi ni miombo kamili kama mnavyoijua, kati ya 10 na 40 ni nyasi zenye miti, chini ya 10 ni nyasi tu. Msitumie ramani yake kujua shule yenu ina nini, pale sentimita moja ni kilomita 50, shule nzima haifiki hata nukta. Vigezo ndo vya kuchukua.

Vichuguu navyo vitawasumbua. Udongo wake una rutuba tofauti na jirani zake, ndo maana unakuta kichaka kizito juu ya kichuguu katikati ya miombo. Ni vidogo mno kupewa rangi yake, wekeni vitone tu.

Na majina: Kinyamwezi, Kiha, yote yaandikeni, ila kila mti mpigie picha jani, gome na tunda mkaupe jina moja la kisayansi, la sivyo mti mmoja mtauhesabu mara mbili.

Sasa la mkuu wako. Kule chini hamna miti mikubwa sio kwa sababu watu wameikata. Ule udongo mweusi wa mfinyanzi unavimba mvua zikinyesha, kiangazi unapasuka mianya unayoingia mkono, unakata mizizi, na miezi kadhaa umejaa maji. Wanaoweza kukaa pale ni nyasi na ile migunga midogo yenye vinundu vya sisimizi. Hiyo ni jamii ya mimea kamili, ina haki ya rangi yake kwenye ramani kama miombo tu. Mimi kwa maoni yangu msimwendee na maneno, mpelekeeni ramani, kisha mwombeni achimbe shimo moja pale Septemba, na jingine Februari, aone mwenyewe mianya ya kiangazi na maji ya masika.

SWALI: Hamjambo, niko Kilifi. Kiwanja cha shule yetu mwarobaini umejaa kila mahali, je huo nao ni uoto wa asili?

JIBU: Hapana, ulitoka Asia ya Kusini, ila umeshakuwa mwenyeji kiasi kwamba ukiufuta kwenye ramani utakuwa umedanganya. Uchoreni kama kipande chake, andikeni umefunika asilimia ngapi. Kujua chini yake palikuwa na nini angalieni mchanga. Jirani yenu msitu wa Arabuko-Sokoke, miti ya mirihi imekaa kwenye mchanga mweupe usio na rutuba, ule msitu mnene wa miti ya Cynometra (jina la kisayansi) uko kwenye mchanga mwekundu upande wa magharibi, na msitu mchanganyiko wenye miti ya mbambakofi uko mashariki. Alafu inameni mtazame miche: sehemu ambayo chini ya mwarobaini kuna miche ya mwarobaini peke yake, na sehemu ambayo kuna ya kienyeji inayojitahidi, hivyo ni vipande viwili tofauti, vipeni rangi mbili.