Fundi, mshale wa joto haupandi

SWALI: Shikamoo Mzee Fundi. Naendesha Fuso, tunatoa viazi Njombe kupeleka Dar es Salaam na kurudi na mzigo wa dukani. Tangu tajiri alinunue gari hili mkononi mwa mtu mwezi wa nne, mshale wa joto haujawahi kufika katikati. Nikipanda Kitonga na mzigo unanyanyuka kidogo, nikishafika Ilula unarudi karibu na C, upande wa baridi. Asubuhi linatoa moshi mweupe muda mrefu, hita haitoi joto, na linakula dizeli kuliko la mwenzangu tunayeongozana naye. Fundi mmoja ameniambia nishukuru, injini baridi haifi. Ni kweli?
Dereva, Makambako

JIBU: Marahaba mwanangu. Si kweli, na maneno hayo yamewagharimu matajiri wengi ringi za pistoni na laina za silinda kabla ya wakati wake. Injini ya dizeli imetengenezwa ifanye kazi maji yake yakiwa nyuzi 80 hadi 95 hivi. Ikibaki chini ya hapo, dizeli haiungui yote. Inayobaki inateremka kwenye kuta za silinda, inaosha oili iliyokuwa inalinda ringi, kisha inaishia kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kuifanya oili iwe nyepesi. Moshi wako mweupe wa asubuhi ni dizeli inayotoka bila kuungua. Fungua kifuniko cha oili utazame kwa ndani. Ukikuta utando wa rangi ya maziwa, usikimbilie kufungua silinda hedi. Injini isiyopata joto hukusanya unyevu hapo hata kama gasketi ni nzima. Gasketi ishuku pale maji ya rejeta yanapopungua bila kuvuja nje.

Lakini kabla ya yote, kesho asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, fungua rejeta uone maji. Nakuomba usiruke hatua hii. Sensa ya joto inapima maji yanayoigusa. Yakipungua, ncha yake inabaki hewani na mshale unaweza kulala kwenye C huku hedi inachemka. Gereji yetu hapa Mbeya iliwahi kupokea lori lililovutwa kwa mnyororo, hedi imepinda, na dereva, mtu mwangalifu sana, anaapa kwamba mshale haukupanda hata kidogo. Alisema kweli. Mpira wa chini wa rejeta ulikuwa umepasuka.

Maji yakiwa sawa, jiulize kama baridi iko kwenye injini au kwenye geji. Wewe umeshanipa nusu ya jibu: mshale wako unapanda mlimani na kushuka tambarare, kwa hiyo geji iko hai. Hita isiyotoa joto nayo inasema maji yenyewe ni baridi. Mimi naishuku thamostati, kile kilango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto: ama imekwama wazi, ama aliyelimiliki gari kabla yenu aliitoa.

Thibitisha hivi. Washa injini ya baridi, halafu kila baada ya dakika moja shika mpira wa juu wa rejeta, mkono ukiwa mbali na feni na mikanda. Thamostati nzima hufunga njia, kwa hiyo mpira unabaki baridi kwa dakika kadhaa kisha unapata moto kwa ghafla. Ukiona unapata uvuguvugu polepole tangu mwanzo, sambamba na injini, maji yanapita bila mlinzi.

Kama mshale ungekuwa umelala tu, haucheki wala haununi, ningekutuma kwenye sensa. Kwa malori ya zamani yenye sensa ya waya mmoja, washa switi, chomoa waya ule, uuguse mara moja tu kwenye chuma cha injini. Mshale ukiruka kwenda H, upande wa moto, geji na waya ni vizima, badilisha sensa. Usipotikisika, fuata waya na fyuzi. Magari ya kompyuta usiyafanyie hivyo, yapeleke kwenye mashine ya kupimia. Na sensa ya gari la aina nyingine inaweza kudanganya hata ikiwa mpya.

Turudi kwenye thamostati. Ukiikuta, isome, joto la kufungukia limegongwa kwenye chuma chake, mara nyingi 76.5 au 82. Ikiwa imeachia wazi ikiwa baridi mkononi, imekufa. Ikiwa imefunga, ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni, pamoja na kipimajoto, uone inaanza kufunguka lini. Huku kwetu nyanda za juu angalia jambo moja: maji yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95, si 100. Thamostati ya 82 inaweza isifunguke hadi mwisho kwenye sufuria yako na bado ikawa nzima. Hukumu kwa mwanzo wa kufunguka.

Ukikuta nyumba yake tupu, usikubali kuambiwa hivyo ndivyo nchi za joto zinavyotaka. Injini nyingi za lori zina thamostati yenye sahani mbili: ya juu inafungua njia ya rejeta, ya chini inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima. Tambarare unaganda, na siku ya mzigo mzito Kitonga sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupita kwenye rejeta. Gari lile lile linaumwa baridi na homa.

Nunua yenye namba ya kitabu cha gari lako, na injini yako ikiwa na mbili, badilisha zote. Kile kitundu kidogo chenye kipini kwenye thamostati kikae juu ili hewa itoke. Kisha mwaga oili na kuweka mpya, kwa sababu hiyo iliyomo imeshaingia dizeli. Boksi la kuziba rejeta ili injini ipate joto, ambalo madereva wa huku wanalipenda, liache. Ukilisahau mlimani utaua injini.

SWALI: Mzee, mimi mshale uko katikati siku zote, ila nikiteremka Kitonga kwa breki ya ekzosi, ile inayobana njia ya moshi, unashuka. Nina thamostati mbovu?
Dereva, Iringa

JIBU: Hapana. Kwenye mteremko ule injini haiunguzi dizeli ya maana, joto litoke wapi? Ukifika Ruaha Mbuyuni na kuanza kukanyaga tena, hesabu kilomita chache. Mshale ukirudi mahali pake, endelea na safari. Usiporudi, anza na mpira wa juu kama nilivyomweleza mwenzako.