Maswali ya Wasomaji: Kichwa cha Mwanasesere Kisiwe Mpira

*Shikamooni. Nafundisha wajawazito kliniki. Nimeshona mwanasesere na kukata nyonga ya kadibodi ili waone mtoto anavyopita. Tatizo ni kwamba kichwa kinapita hata nikikigeuza vipi, nao wananiuliza: mbona basi wengine wanapasuliwa? Na wenzangu kazini wanasema nacheza. — Mkunga, Singida*

Marahaba, dada. Kichwa chako ni cha mviringo kamili, ndiyo maana. Mpira hauna kidevu: uugeuze utakavyo, kipimo ni kilekile. Kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi kina vipimo vitatu vya kuzingatia. Kutoka kisogoni chini hadi utosi wa mbele ni sm 9.5, kutoka paji la uso hadi kisogo ni sm 11.5, na kutoka kidevuni hadi juu nyuma ya kichwa ni sm 13.5 hivi. Upana wake kati ya pande mbili, juu ya masikio, ni sm 9.5.

Anza na puto. Lipulize hadi upana wa sm 9 (lisimamishe kati ya vitabu viwili, upime nafasi). Kwa kawaida lenyewe huja na umbo la yai. Chemsha vikombe 4 vya maji, mimina kikombe 1 cha unga wa ngano uliokorogwa katika maji baridi, koroga dakika tatu, weka kijiko cha chumvi kuzuia ukungu. Pakaa vipande vya gazeti vya upana wa vidole viwili, tabaka mbilimbili, kila mara ukiacha pakauke kivulini. Ukianika juani hewa ya puto inatanuka, usiku inasinyaa, na asubuhi unakuta kichwa kimekunjamana. Endelea hadi upana ufike sm 9.5. Kama tabaka nane hivi, lakini amini rula kuliko hesabu. Kidevu kiumbe kwa karatasi iliyolowekwa na kusagwa. Tabaka la mwisho likiwa bado bichi, chora kwa mpini wa kijiko mfereji wa katikati ya fuvu, mwisho wa mbele utosi wenye pembe nne, mwisho wa nyuma ule mdogo wa pembe tatu. Wanafunzi wa ukunga wataujua kwa kidole, macho yamefungwa.

Shingo ndiyo inayoharibiwa na wengi. Usiijaze ikawa ngumu. Kidevu lazima kiguse kifua bila kulazimishwa. Mwili wa marekani, urefu wote sm 50, uzito wote kilo 3. Tumia mchanga mkavu ndani ya kifuko cha jinzi kilichoshonwa mara mbili. Mchele ni rahisi, lakini panya nao wanaujua.

Sasa nyonga. Kata kadibodi mbili. Tundu la juu, la kuingilia, liwe sm 13 kutoka kushoto kwenda kulia na sm 11 kutoka mbele kwenda nyuma. La chini ligeuze: sm 11 kwa 13. Kidevu kikiwa kifuani, kichwa kinapita. Kikiinuka nusu, kinaingia kikiwa kimelala upande tu, na chini lazima kizunguke ndipo kitoke. Paji likitangulia, sm 13.5 hazipiti juu wala chini. Hapo mama aliyeuliza habari ya kupasuliwa atajijibu mwenyewe.

Kuhusu wenzako: mwaka 1759 mfalme Louis XV wa Ufaransa alimtuma mkunga Angélique du Coudray azunguke nchi akifundisha kwa mwanasesere na nyonga za kitambaa na ngozi. Kimoja cha vifaa hivyo kimehifadhiwa hadi leo katika jumba la makumbusho mjini Rouen.

*Nataka kushona kondo la nyuma na kiungamwana. Rangi zipi? Na kanga inaweza kutumika kufundisha damu nyingi ni kiasi gani? — Kasulu*

Kiungamwana kiwe na urefu wa sm 50, unene wa kidole. Suka mirija mitatu, kisha uivike shifoni: miwili myembamba ya buluu, mmoja mnene mwekundu. Mafundi hukosea hapa kwa kunakili picha ya moyo ya ukutani, ambako ateri ni nyekundu. Kwenye kiungamwana ateri mbili zinarudisha damu iliyotumika, na vena moja ndiyo inayomletea mtoto damu yenye oksijeni.

Kondo ni duara la sm 20 hadi 22. Upande wa mtoto ushone laini, wa kijivu. Upande wa mama mwekundu mzito, wenye vipande 15 hadi 20 vilivyovimba. Kimoja kifunge kwa vifungo vya kubana ili kitoke. Kifiche siku ya somo, umpe mwanafunzi kondo alikague. Asipogundua, mwambie kilichobaki tumboni kinazuia mji wa mimba kujikaza, na damu haitakata.

Kanga inafaa, na huko kwenu Kigoma ndiko wakunga wa jadi walikofundishwa kwayo: kanga mbili zilizoloa chepechepe ni zaidi kidogo ya nusu lita. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Ila vitambaa havifanani, kwa hiyo pima vyako. Chemsha choya, jaza chupa ya soda ya ml 500, imimine juu ya kanga, kisha nyingine sakafuni. Wengi watakisia pungufu. Kadiri damu inavyozidi ndivyo jicho linavyodanganya. Na msisitizo: kanga mbili si ruhusa ya kungoja. Mama akilegea au kizunguzungu kikimshika, aondoke kwenda kituoni hata kama kanga moja haijaloa.

*Tunaandaa shairi la dalili za hatari kwa siku ya afya. Linakuwa kama orodha ya hospitali. — Mwalimu, Tanga*

Mnabana dalili sita katika ubeti mmoja. Ubeti mmoja, ugonjwa mmoja. Tena acheni jina la ugonjwa: "kifafa cha mimba" peke yake kinakula mizani sita kati ya nane, na mwenye kusikia "kifafa" anaweza kuwaza mapepo, akaanzia kwa mganga. Semeni kinachoonekana nyumbani. Mfano:

Kichwa kikiuma sana, na giza lije machoni,
Pete nayo ikibana, uvimbe uwe usoni,
Usingoje kesho tena, nenda leo kituoni,
Mama ukiona hayo, safari si ya jioni.

Pete inakumbukwa kuliko "kuvimba mikono" kwa sababu kila mwenye pete anaitazama. Kibwagizo waachieni wasikilizaji waitikie, na msome polepole, hasa mstari wa tatu.