Dari la sebule: bodi 7 au 8?

SWALI: Sebule yangu ni mita 5 kwa 4. Nimegawanya eneo kwa ukubwa wa bodi ya jipsamu (mita 1.2 kwa 2.4), nimepata 6.94. Fundi anataka 8. Ananipiga? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Hakupigi. Hesabu yako ya 20 ÷ 2.88 ni sahihi, lakini bodi haimwagwi kama rangi. Ukizilaza kwa urefu wa chumba, bodi mbili zinafika mita 4.8, kisha unaziba sentimita 20 kwa vipande vyembamba. Hapo ndipo nyufa huanzia.

Badala yake, anza mstari wa kwanza na wa tatu wa bodi kwa kipande chenye urefu wa mita 1.2, wa pili kwa 1.6, ili maungio yasilingane. Mistari hiyo mitatu, kila mmoja upana wa mita 1.2, inafika mita 3.6 na inakula bodi 7. Ya nane inaziba ukanda wa sentimita 40 unaobaki ukutani.

Fremu (vyuma vinavyoshikilia bodi) ziwe kila sentimita 40, maungio yakae juu yake. Kwa bodi ya milimita 9, nafasi ya sentimita 60 huleta tumbo (bodi hushuka katikati). Skrubu za milimita 25 kwenye chuma, kila sentimita 20: karibu 400. Konishi (urembo wa pembeni, dari linapokutana na ukuta): mita 18, ongeza 2 za kukata kona.