Fulana mpya, kampuni ile ile

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nimerithi duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza, sasa lina matawi matatu. Mshauri alituendeshea semina, akasema utamaduni wetu wa kazi ni wa kifamilia na tuhamie utamaduni wa soko. Tukachapisha fulana na mabango. Hadi leo wafanyakazi wananipigia simu kwa kila jambo. Juzi meneja alimpoteza mteja wa mifuko 100 ya saruji akisubiri nipokee. Aliyemtangulia alipunguza bei bila kuniuliza, tukamkata mshahara. Nilipie awamu ya pili, au nichague aina nyingine ya utamaduni?

JIBU: Usilipie, na aina nyingine usitafute. Ule mgawanyo wa aina nne (kifamilia, yaani kutunzana; kibunifu, yaani kujaribu mapya; soko, yaani kushindania matokeo; na ngazi, yaani taratibu na usimamizi) ni wa Kim Cameron na Robert Quinn, wasomi wa Marekani. Ni kipimo cha kujua mlipo, na kampuni huwa na kidogo cha kila upande. Stoo yako inahitaji ngazi kali. Kwa mafundi wanaokopa, ufamilia unakulipa.

Jibu lako umeliandika mwenyewe: mlimkata mshahara. Meneja wa sasa anajua bei ya kununulia na anaiona faida iliyopo. Lakini akipunguza akakosea, analipa yeye. Mteja akiondoka, haulizwi mtu. Kwa nini asipige simu? Andika kiwango cha punguzo anachoruhusiwa kutoa bila kukuuliza, futa makato hayo, kisha vumilia akikosea mara mbili tatu. Hapo ndipo wenye mali wengi hushindwa.

Microsoft kwa miaka mingi iliwalazimisha mameneja kuwapanga watu wa timu moja kwa madaraja. Lazima awepo wa chini, hata kama wote wamefanya vizuri. Nani atamsaidia mwenzake hapo? Mfumo huo ulifutwa Novemba 2013, ndipo Satya Nadella, aliyeshika uongozi Februari 2014, akahubiri ushirikiano na kujifunza. Mahubiri yale yangetangulia, nani angeyaamini?

Kampuni hubadilika kwa sababu soko limehama, mwanzilishi amekabidhi, au mbili zimeungana. Haibadiliki eti kwa kuwa mtu kapita na projekta! Nawakuta washauri hawa kwenye SACCOS, hospitali binafsi, hata shule: dodoso la kuokota mtandaoni lenye nembo yao juu, picha ya pamoja, ankara. Wafanyakazi wanapiga makofi, Jumatatu wanarudi kwenye fomu ile ile ya tathmini na bosi yule yule anayempandisha cheo shemeji yake.

Mshauri wa kweli huomba kwanza kuona nani alipandishwa, nani alifukuzwa, bonasi ililipwa kwa lipi. Kabla hujasaini na yeyote, muulize ataanzia wapi. Akitaja semina, mpe soda, umsindikize hadi barabarani.